Picha zangu zote nizigeuze TIFF?

SWALI

Kaka mshauri, salamu nyingi.

Mimi si mpiga picha wa kazi, ila ndiye mtunza picha wa ukoo wetu. Kila harusi, kila msiba, kila mtoto akizaliwa, picha huishia kwangu. Sasa zimekaribia elfu arobaini. Karibu zote ziko kwenye diski moja ya nje ya terabaiti mbili, pamoja na video na nyaraka nyingine, na chache bado zimo kwenye simu.

Nyingi ni JPEG, ile fomati ya picha iliyozoeleka, kutoka kamera ndogo za zamani na simu za watu mbalimbali. Kuna na RAW, yaani data ghafi ya kamera: mdogo wangu alinipa kamera yake ya Canon, na faili zake zinaishia na CR2. Tangu nibadili simu, picha mpya zote zinatoka zikiwa HEIC, na kompyuta ya mume wangu haizifungui. Juu ya hayo nimeanza kuskani picha za karatasi za marehemu mama, na skana inaniuliza kila mara kama nataka JPEG, TIFF, PNG au PDF.

Nimesikia kwamba JPEG hupungua ubora kila inapofunguliwa, na kwamba baada ya miaka mingi itakuwa imechakaa kabisa. Jamaa mmoja anayejua kompyuta ameniambia nigeuze kila kitu kuwa TIFF, kwa sababu makumbusho na maktaba kubwa hutumia hiyo. Mwingine anasema TIFF zitajaza diski, bora nigeuze zote kuwa WebP nipate nafasi. Mpwa wangu naye anasisitiza RAW zote ziwe DNG kabla kampuni ya kamera haijaziacha.

Nimepakua programu inayogeuza maelfu ya faili kwa mpigo na nimeijaribu kwenye folda moja ya JPEG, nikapata TIFF. Ina kitufe cha kufuta faili za awali ikishamaliza. Nafasi imenibana, kwa hiyo nilikuwa karibu kukibonyeza, ila nikaona nikuulize kwanza. Fomati ipi itafunguka wajukuu wangu wakiwa watu wazima? Niambie moja, nigeuze zote, nipumzike.

Mtunza picha wa ukoo

JIBU

Dada yangu, kitufe hicho usikiguse. Na ile folda uliyoijaribia, kwa kuwa JPEG za awali bado zipo, ziache kama zilivyo na uzifute TIFF zilizotokana nazo. Hazikukuongezea kitu.

Fomati moja ya kugeuzia zote sitakupa, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona picha nyingi za familia zikiharibiwa na watu waliokuwa wanajitahidi kuziokoa. Faili iliyotoka kwenye kamera au simu ndiyo asilia yako. Ibaki ilivyotoka. Ukihitaji fomati nyingine kwa ajili ya kutuma, kuchapisha au kutazama kwenye kompyuta ya mume wako, tengeneza nakala pembeni. Mahali pekee unapochagua fomati ya kuhifadhi ni pale unapoiumba faili wewe mwenyewe, yaani kwenye skana.

Tuanze na habari ya JPEG kuchakaa. Aliyekuambia hivyo amechanganya mambo mawili. Kuifungua faili na kuitazama ni kuisoma tu. Ifungue mara elfu, inakili kutoka diski hadi diski, ihamishe folda: baiti zake zinabaki zilezile, na nakala ya mia haitofautiani na ya kwanza. Ubora hupotea unapoifungua kwenye programu ya kuhariri, ukabadili kitu, kisha ukaihifadhi upya ikiwa JPEG. Fomati hii huigawa picha katika vimraba vya pikseli, yaani nukta za picha, nane kwa nane, hupima ndani ya kila kimraba mabadiliko makubwa na madogo ya mwanga na rangi, kisha huvikadiria vipimo hivyo na kuvitupa vidogo ambavyo jicho halivioni kwa urahisi. Ukihifadhi upya, ukadiriaji hufanyika tena juu ya ule wa kwanza. Kama ulikata ukingo wa picha, vimraba vipya haviangukii pale vilipokuwa vya zamani, na hasara huongezeka. Kwa hiyo ukihariri, hifadhi kwa jina jipya, na asilia ibaki salama.

Sasa, kugeuza JPEG kuwa TIFF. Kilichotupwa siku picha ilipopigwa hakipo tena, na maji yakimwagika hayazoleki. TIFF hiyo itabeba picha ileile na kasoro zilezile, ila kwa ukubwa mara nyingi zaidi. Piga hesabu: picha ya pikseli milioni 12, kila pikseli baiti tatu, ni megabaiti 36 ikiwa TIFF isiyobanwa. JPEG yake kwa kawaida huwa megabaiti tatu hadi tano. Picha elfu arobaini za ukubwa huo zingefika karibu terabaiti 1.4, badala ya gigabaiti mia mbili au chini yake. Hata ukitumia mbano usiopoteza kitu, bado zingekuwa nzito mno. Nafasi ambayo ingekupa nakala ya pili na ya tatu ungekuwa umeila bila faida yoyote.

Jamaa yako hakudanganya kuhusu makumbusho na maktaba. TIFF ilitolewa mwaka 1986 na kampuni ya Aldus, toleo lake la sita ni la 1992, na hadi leo ni fomati inayoaminiwa sana na wahifadhi. Lakini angalia wao wanaanzia wapi. Wana karatasi, ramani, negativu. Wanaskani kitu ambacho hakikuwahi kuwa faili, kwa hiyo wanachagua fomati isiyotupa chochote tangu hatua ya kwanza. Wewe JPEG zako zilizaliwa zikiwa JPEG.

Ushauri wa WebP ndio unaonisikitisha zaidi, maana ungekuwa na madhara yasiyorekebishika. Google waliitoa mwaka 2010 ili kurasa za mtandaoni zifunguke haraka, na kwa kazi hiyo inafaa. Ila ili ikupe nafasi, lazima itupe taarifa, na hapo inatupa kutoka kwenye picha ambayo tayari ilishapunguzwa na JPEG. Kuna fomati mpya zaidi, JPEG XL, iliyosanifishwa mwaka 2022, inayoweza kuifunga JPEG upya ikapungua kwa kama sehemu moja ya tano, kisha ukaifungua na kuipata JPEG yako ileile bila baiti hata moja kubadilika. Ni kazi nzuri ya wataalamu na ninaifuatilia kwa hamu. Hata hivyo bado haifunguki kila mahali, na mtu anayetunza picha za ukoo hapaswi kutangulia mbele ya programu za watu wengine.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu wajukuu. Fomati haiishi miaka mingi kwa sababu ni bora. Huishi kwa sababu maelezo yake yamechapishwa wazi, programu nyingi zisizotegemeana zinaifungua, na kuna faili nyingi sana za aina hiyo kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuiacha. Mwaka 1992 Kodak walileta sokoni Photo CD. Ulipeleka filamu yako, ukarudishiwa diski yenye picha za ubora ambao wakati huo mtu wa kawaida hakuwa na njia nyingine ya kuupata, na watu makini waliiamini. Maelezo ya fomati yake Kodak hawakuyaweka wazi. Biashara ilipofifia, programu zikaacha kuifungua mojamoja, na leo mwenye diski hizo inambidi atafute programu maalumu, na hata akiipata rangi huweza kutoka tofauti. Mwaka huohuo wa 1992 ndipo kiwango cha JPEG kilipoidhinishwa, maelezo yake yakiwa wazi kwa kila mtu. Kwa ubora ilikuwa duni kuliko Photo CD. Lakini JPEG ya miaka ya tisini inafunguka leo kwenye simu yoyote bila kuuliza. Ndiyo maana JPEG zako haziniumizi kichwa hata kidogo. Katika faili zote ulizo nazo, hizo ndizo zinazofunguka mahali pengi zaidi duniani.

HEIC ina hali tofauti kidogo. Apple waliianza kwenye simu zao mwaka 2017, na ndani yake picha hubanwa kwa HEVC, mbinu ya video yenye hataza nyingi zinazolipiwa. Hilo limechelewesha kuenea kwake, na ndilo linaloikwamisha kompyuta ya mume wako. Inafanya kazi nzuri: kwa ubora unaokaribiana, faili yake huwa kama nusu ya JPEG. Zile ulizokwisha piga zihifadhi zikiwa HEIC hivyohivyo, kwa sababu huweza kubeba vitu ambavyo mara nyingi hupotea ukigeuza, kama vipimo vya umbali vinavyotumika kutia ukungu nyuma ya mtu. Kwa mume wako na ndugu wengine, toa nakala za JPEG. Kwa picha zijazo, ningekuwa mimi na picha zinazopita mikononi mwa watu wengi namna hiyo, ningeingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, sehemu ya fomati, nikachagua ile inayokubaliana na vifaa vingi, ili zitoke JPEG moja kwa moja. Zitakula nafasi zaidi, nami ningekubali. Kama simu yako ni iPhone, angalia pia mpangilio wa kuhamishia picha kwenye kompyuta, kwenye sehemu ya picha: kuna chaguo la kugeuza zenyewe na la kubakiza asilia. Weka kubakiza asilia, vinginevyo unaweza kudhani umehifadhi asilia kumbe umehifadhi zilizogeuzwa. Zile picha zinazocheza kidogo ukizigusa huwa faili mbili, picha na kipande cha video, zinakiliwe pamoja.

Kuhusu CR2, mpwa wako ana hoja, ila ameitanguliza hofu. RAW hubeba vipimo vya kamera kabla havijapikwa, na nyingi zina biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG ina 256. Ni hazina, ila kila kampuni ina ya kwake. Hata hivyo muundo wa ndani wa CR2 umejengwa juu ya TIFF, na tangu 1997 mtaalamu Dave Coffin alikuwa akitengeneza dcraw, programu ndogo huria iliyokuja kusoma RAW za kamera za kampuni nyingi, na kutokana nayo ikazaliwa LibRaw inayotumiwa na programu nyingi leo. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Canon wenyewe wakiisahau CR2 kesho, bado itafunguka.

DNG ya Adobe, ya mwaka 2004, ni fomati ya wazi ya RAW na imetengenezwa vizuri. Ina hata njia ya kujikagua kama data ya picha imeharibika. Shida ni kwamba katika kugeuza, baadhi ya taarifa ambazo programu ya kampuni ya kamera pekee ndiyo inayozielewa huweza kupotea. Ukitaka DNG, zitengeneze pembeni na CR2 zibaki. Kwa idadi ya picha zako sioni haja.

Haja ninayoiona ni hii: RAW si picha hadi mtu aitafsiri. Mjukuu atakayekuta folda ya CR2 huenda asijue ni nini, na akiifungua, programu yake itaamua mwanga na rangi kwa namna yake. Kwa hiyo zile CR2 unazozipenda, zitengeneze vizuri kisha utoe JPEG ya ubora wa juu kabisa na uiweke kando yake kwenye folda hiyohiyo. Na kama programu yako ya kuhariri huandika vifaili vidogo vinavyoishia na XMP, ujue marekebisho yako yote yamo humo. Vikiachwa nyuma, kazi yako nayo imebaki nyuma.

Picha za mama ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo TIFF inapofaa, kwa sababu sasa wewe ndiye unayeiumba asilia. Weka skana dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 itatoka na pikseli zaidi kidogo ya milioni nane, megabaiti 25 hivi bila kubanwa, na ukichagua mbano wa LZW itapungua bila kupoteza kitu. Kama skana yako inaskani negativu, tumia dpi nyingi zaidi na biti 16 kwa kila rangi. PNG nayo haitupi chochote, na kama tayari umeshaskani kadhaa kwa PNG usirudie. PDF iachie barua na vyeti. Zima kitu chochote ambacho skana inakiita uboreshaji wa kiotomatiki: rangi iliyofifia unaweza kuirekebisha baadaye kwenye nakala, ila alichokifuta skana hukipati tena. Na tafadhali, geuza kila picha uangalie mgongo wake. Kama kuna mwandiko wa mama, tarehe, jina, hata mhuri wa studio, skani na mgongo pia, uupe jina lilelile la faili na neno «nyuma» mwishoni. Karatasi zenyewe usizitupe.

Hili la majina lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Picha safi kabisa ya watu watano wasiojulikana itamfaa nini mjukuu wako? Tarehe ya kupigwa huwa imeandikwa na kamera ndani ya faili, kwenye sehemu ya taarifa iitwayo EXIF, lakini picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huja zimepunguzwa na taarifa hizo zimeondolewa. Ndugu wakikutumia, waombe watume kama hati, si kama picha. Folda zako zipe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, mfano 2009-08-harusi, zitajipanga zenyewe kwenye kompyuta yoyote. Majina ya watu yaandike kwenye sehemu ya maelezo iliyo ndani ya faili, kwa programu ya picha inayotumia viwango vya IPTC na XMP, kwa sababu majina yaliyomo kwenye albamu ya programu fulani tu huishia humo programu ikifa. Kuandika hivyo hakuzigusi pikseli. Kwa CR2 maelezo yaende kwenye kile kifaili cha XMP. Na fanya kazi hii wakati wazee wanaozijua sura hizo bado wapo wa kuulizwa.

Sasa diski yako. Dada, picha za ukoo mzima ziko kwenye kifaa kimoja ambacho kikianguka kutoka mezani kinaweza kuzimika moja kwa moja. Hakuna fomati inayookoa faili ambayo diski yake imekufa. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Kwako maana yake ni diski uliyo nayo, diski ya pili itakayolala kwa ndugu unayemwamini, na hifadhi ya mtandaoni. Kwenye hiyo ya mtandaoni hakikisha umechagua kupakia kwa ubora wa asili, kwa sababu baadhi ya huduma zina chaguo la kupunguza picha ili kubana nafasi. Ujue pia kwamba huduma inayofanya picha za simu na za mtandaoni zifanane wakati wote si nakala ya akiba: ukifuta upande mmoja, upande wa pili unafuta pia.

Diski ya pili chagua ya kawaida yenye sahani zinazozunguka. Flashi na SSD, diski zisizo na sahani, hushika data kwa chaji ya umeme, na zikikaa kabatini muda mrefu bila kuchomekwa chaji hiyo huweza kuvuja. Ifomati kwa exFAT, namna ya diski kupanga faili, ili isomeke kwenye Windows na Mac, ila uitoe kwa utaratibu kila mara kabla ya kuchomoa, kwa sababu exFAT haivumilii kuchomolewa ghafla. Picha zikae kwenye folda za kawaida, si ndani ya faili moja kubwa la programu ya nakala za akiba ambalo programu hiyo pekee ndiyo inayolifungua. Ukiweka nenosiri, awepo mtu mwingine nyumbani anayelijua.

Ukishanakili, usiridhike na kuona folda zina idadi sawa. Tumia programu ya kunakili inayothibitisha kwa cheksamu, namba ndefu inayopatikana kwa kukokotoa kila baiti ya faili. Ikiwa SHA-256, aina mojawapo ya cheksamu, ya huku na ya kule ni sawa, faili ni zilezile. Namba hizo zihifadhi kwenye faili la maandishi juu ya diski hiyohiyo, ili mwakani uweze kukagua kama kuna iliyobadilika bila wewe kujua. Kila mwaka chomeka diski zote mbili, kagua, kisha chukua faili chache za kila aina, moja ya CR2, moja ya HEIC, moja ya TIFF, uzifungue kwenye kompyuta ambayo si yako. Siku utakapoona aina mojawapo inaanza kusumbua kwenye kompyuta mpya, hapo ndipo wakati wa kuigeuza, ukiwa bado na programu inayoifungua, na asilia ukiwa bado unazo.

Fedha ya diski ya pili itafute kabla hujaskani picha nyingine hata moja. Ikifika, nakili kwanza TIFF za mama na picha zilizobaki kwenye simu, kisha zote zilizo kwenye diski ya sasa.